Dawa ya mama imebaki chupa nzima

Jamani, leo chupa imetuumiza nyumba nzima.

Mama tumemzika Jumamosi. Kansa.

Leo nesi wa hospisi, wale wanaotunza wagonjwa kama mama nyumbani, amekuja kwetu Bwera kuchukua dawa ya maumivu iliyobaki. Chupa imejaa!

Na mimi kila nikipiga simu kutoka Kasese, mama alikuwa ananiambia amekunywa.

Nesi akaiinua kwenye mwanga. "Hakuwa anakunywa?"

Dada yangu Masika akaanza kulia. "Alikataa, sista. Alisema tuiweke, ya siku ile maumivu itakuja kabisa."

Mnajua mama alivyokuwa. Sabuni anaikata vipande. Kitenge kipya kinakaa sandukuni mpaka Krismasi. Lakini hii? Huku anang'ata shuka?

Nesi akasema polepole, "Ingeisha, tungeleta ingine."



Akafungua begi aiweke. Ndipo baba akamshika mkono.

"Sista, utuachie hata kidogo. Mwenyewe alikuwa anaiweka ya siku ile."

Ni dawa kali, nesi haruhusiwi kuiacha. Akabaki amesimama na chupa mkononi.

Nyinyi mngemwambia nini mzee?