Mbuyu Usioota Gasorwe

Nafundisha Kiingereza Gitega, na alasiri nina darasa la wafanyabiashara mtaani Nyamugari, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitenge. Wengi wao hununua mali Kampala, au wanataka kuanza, na hawana subira na vitabu. Wanataka maneno ya kwenda nayo sokoni kesho asubuhi. Kwa hiyo kila wiki nawapa msemo mmoja, tunautungia sentensi, na hakuna anayetoka kabla hajautumia ipasavyo.

Wiki moja msemo ulikuwa beat around the bush. Niliuandika ubaoni nikaeleza: mtu anapiga kingo za kichaka, ndani haingii. Anaongea weee, lakini lile jambo lenyewe halisemi. Nikaongeza kwamba sisi tuliokulia Tanzania kabla ya kurudi huku kwetu tungesema anazunguka mbuyu.

"Mbuyu ni nini?" aliuliza mama mwenye duka.

"Mti. Mnene sana."

"Hapa Gitega iko wapi?"

"Hakuna."

"Alors, tunazunguka nini?"

Darasa lilicheka mpaka wateja wakachungulia. Mama yule alisubiri kelele zipungue, akasimama, akasoma sentensi yake. Alikuwa ameandika kwamba baba yake mdogo alizunguka kichaka vizuri sana, ndiyo maana kaka yake akapewa mke.

Nilimwambia maneno yamepangwa sawa ila matumizi si sahihi. Msemo huu ni lawama, huwezi kumsifu mtu nao.

"Mwalimu, mi nakataa," alisema. "We umeshaona wapi watu wanaenda kuomba msichana, wanafika tu, hata kukaa hawajakaa, wanasema tumekuja kuomba msichana? Watafukuzwa!"

"Hiyo ni desturi, mama. Msemo ni kitu kingine."

"Bon. Siku yako itafika, utakuja kutuambia."

Hakujua kwamba siku yenyewe ilikuwa imekaribia. Mchumba wangu, mpima ardhi, alikuwa amekwisha kutuma habari nyumbani kwetu Gasorwe kwamba watu wake wangefika kuniomba. Nilimpenda kwa sababu husema mambo wazi. Supu yangu ikizidi chumvi, anasema. Hoja yangu ikiwa dhaifu, anasema, na mimi namrudishia vivyo hivyo. Kulikuwa na swali moja tu alilolikwepa, nalo ndilo nililolihitaji kuliko yote. Tukioana, nitabaki Gitega na darasa langu, au nitahamia Muyinga mjini kukaa na mama yake? Mama huyo ni mjane, anaishi peke yake, na kila mtu alikwisha amua kichwani mwake mkamwana atakaa wapi.

"Tutaangalia," alikuwa akisema. Au, "Mungu atafungua njia." Siku moja tukitembea mtaa wa Yoba nilimuuliza tena, akanionyesha nyumba inayojengwa na kuniuliza kama napenda lile bati lake.

Huyo, nilijiambia, ndiye mtu wa kutungiwa sentensi.

Asubuhi ya siku ya kuja kuniomba, baba yangu mdogo alinifuata jikoni. Yeye hutengeneza baiskeli sokoni Gasorwe, na ndiye msemaji wa ukoo wetu kwa sababu hachoki kuongea.

"Mwanangu, kuna kitu unataka niwaulize hawa?"

"Kimoja tu. Nitaendelea kufundisha Gitega, au sitaendelea?"

"Nitauliza."

"Wazi?"

"Nitauliza."

"Baba mdogo, usije ukaanza habari za ng'ombe."

"Sasa nianze na habari gani, za baiskeli?"

Nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata mama. Kwetu, mwishoni mwa mazungumzo msichana huitwa, akaulizwa mbele ya wote kama anawajua wageni na kama anakubali. Kama ningeitwa kabla swali langu halijajibiwa, ningesema siwajui. Hakucheka. Alifuta mikono yake kwenye suruali, akatoka.

Walifika na madumu ya pombe ya ndizi, na kreti za Fanta kwa ajili ya walokole. Vyote viliwekwa katikati ya uwanja, vimefungwa. Kinywaji cha namna hiyo hakifunguliwi kabla maneno yake hayajasemwa yakapokelewa. Mimi nilikaa chumbani, nyuma ya pazia la dirisha, na niliona kila kitu.

Msemaji wao alianza na barabara. Akahamia kwenye mvua, kisha maharage. Nilikuwa nikimhesabia makosa kama mwanafunzi. Hatimaye akasema wamesikia kwamba katika boma hili kuna mtamba mzuri ambaye bado hajazaa, nao wana zizi lenye nafasi. Nina shahada ya chuo kikuu, na nimeitwa ng'ombe mbele ya majirani. Niliacha hilo lipite kwa kuwa nilikuwa nasubiri zamu ya baba mdogo.

"Mtamba yupo," alisema. "Lakini ana tabia zake. Amezoea malisho ya Gitega. Kila alasiri lazima afike Nyamugari, akikosa anapiga mlango mateke." Watu walicheka. "Sasa kwenu Muyinga mtamfunga kamba, au mtamwacha aende malishoni?"

"Mzee, majani ya Muyinga ni mazuri sana."

"Sijauliza majani. Nimeuliza kamba."

"Hata maji yako karibu."

"Wala maji sijauliza." Alisogea, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha dumu la kwanza. "Pombe hii nzuri, itachachia hapa mikononi mwangu."

Safari hii walicheka wachache. Nilisimama. Mchumba wangu alikuwa mstari wa mbele, kaptula yake ya kazini ameibadilisha kwa suti, na kwa desturi hakutakiwa kufungua mdomo. Alimnong'oneza msemaji wake.

"Mchungaji wa mtamba anasema jambo hilo tutaliangalia..."

"Mchungaji nimemwona, ana mdomo wake. Aseme."

Wote walimgeukia mchumba wangu. Alisimama. Kwanza alimtazama mama yake, halafu dirisha langu, kana kwamba pazia halikuwepo.

"Mtamba atabaki kwenye malisho yake Gitega," alisema. "Mimi ndiye nitakuwa napanda gari kwenda kumwangalia mama."

Mama yake alijifunga vizuri kitenge chake. "Haya, amesema," alisema. "Tangu mwaka jana namuuliza mtakaa wapi, ananiambia Mungu atafungua njia. Mimi nani aliwaambia nataka kufungwa na mtoto wa watu ndani ya nyumba? Fungueni pombe, jamani."

Nilipoitwa nikaulizwa kama nawajua wageni, nilisema nawajua, na kwamba nakubali.

Wiki iliyofuata nililisimulia darasa langu yote hayo, hata kupiga mlango mateke. Mama mwenye duka alisikiliza mikono kiunoni.

"Donc sentensi yangu ilikuwa sawa."

"Haikuwa sawa. Baba mdogo hakuzunguka chochote. Aliuliza kitu kimoja mpaka kikajibiwa."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe alikuwa njia tu ya kuulizia. Aliyekuwa anazunguka ni mchumba wangu, na ndiye anayejua kusema wazi."

Alifikiri kidogo, akaninyang'anya chaki. Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika bei za vitambaa, kwamba mchumba wa mwalimu alizunguka kichaka mwaka mzima, mpaka siku aliyoulizwa habari za mtamba.

Niliisoma mara mbili nikitafuta kosa. Nikaweka alama ya sahihi, nikawaruhusu waende nyumbani.