Mwenyekiti wa Mto

Huu ulikuwa mwaka wa kumi na nne Attracta Gilhooly akiwa mwenyekiti wa kikundi cha kutunza mto wa Kildarragh, huko Leitrim nchini Ireland, na cheo hicho hakuwahi kukiomba hata siku moja. Mara ya kwanza walimchagua akiwa chooni. Alirudi ukumbini akakuta anapigiwa makofi, na kwa kuwa alilelewa kwa adabu, akashukuru.

Tangu hapo kila Januari ni yale yale. Watu sita wanaketi kwenye ukumbi wa parokia, mvua inapiga bati, hita moja inanuka vumbi la mwaka mzima. Katibu anasoma: uchaguzi wa mwenyekiti. Basi hapo utawaona watu wazima wanavyojitia hamnazo. Hakuna anayesema hapana. Watu wa Leitrim kusema hapana ni shida kwao. Wananyamaza tu, tena wananyamaza, mpaka mwenye roho nyepesi kuliko wenzake ashindwe kuvumilia aseme haya, mwaka mmoja tu. Na mwenye roho nyepesi alikuwa Attracta.

Kazi yenyewe haina sifa yoyote. Kuna gugu la maua ya pinki, zuri kweli, ambalo wenye bustani zao waliliingiza zamani kwa ajili ya pambo. Likatoroka, likashika kingo zote za mto. Mimea ya asili linainyima jua, na likinyauka majira ya baridi linaacha udongo mtupu, mto unaubeba. Dawa yake ni kung'oa kwa mkono, shina moja moja, kabla halijazaa, maana vitumba vyake vikishaiva ukivigusa tu vinapasuka na kutupa mbegu kila upande. Kila Jumamosi, Mei mpaka Agosti. Ukiruka kiangazi kimoja limerudi lote, na huko juu mtoni kuna shamba ambalo mwenyewe yuko Boston na barua hajibu, kwa hiyo mbegu zinateremka kila mwaka.

Kingo zilikuwa zimepona, tuwape haki yao. Samaki walikuwa wanataga tena kwenye changarawe. Lakini Attracta alikuwa na miaka sabini na mmoja. Nyonga ya kushoto ilikuwa ya bandia, na ya kulia ilikuwa inasubiri zamu yake.

"Leo usirudi na cheo, mama," mumewe Malachy alimwambia akimshikia koti. "Ukirudi nacho utakuta nimehamia kwa dada yangu."

"Dada yako hakuwezi hata siku mbili."

"Basi unaona nilivyofika mwisho."

Alicheka, lakini njiani aliapa. Safari hii wanyamaze mpaka kesho, yeye kinywa hafungui. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha. Alichoka na magugu, alichoka na fomu za halmashauri, na zaidi alichoka kuwa mchangamfu asubuhi ya mvua mbele ya watu walionuna. Alitaka Jumamosi moja ya kukaa jikoni na chai yake bila kuwaza mto.

Katibu, Concepta Beirne, akasoma: uchaguzi wa mwenyekiti. Kimya kikaingia. Attracta akajikaza.

"Ila jamani," alisema Eugene, mwalimu mstaafu, "nani atamweza Attracta kwa kazi?"

"Sifa hizo niwekee za mazishini, mwalimu," Attracta alisema. "Mwaka huu sishiki."

Kimya tena, na hiki kilikuwa kirefu. Mtu akakohoa. Mara mbili neno "haya" lilimfika Attracta kooni akalirudisha. Mwishowe aliyeshindwa alikuwa Concepta.

"Basi tukifunge kikundi," alisema, akaiweka kalamu mezani. "Tusifichane. Mimi nimechoka tangu mwaka juzi. Nilikuwa naona haya tu kumwacha Attracta peke yake kule mtoni."

Attracta akamgeukia. "Unasema nini, dada?"

"Nasema nilikuwa nakuja kwa ajili yako."

"Nami hivyo hivyo," alisema mwalimu. "Kwa mgongo huu? Kila Jumamosi naamka nikiomba nisikie wewe unaumwa."

"Mimi nilikuwa nakuja kwa ajili yenu nyie," alisema Attracta.

Wakatazamana. Kisha kicheko kikawashika, kicheko cha kutoa machozi, mpaka mwalimu akajishika mbavu. Miaka yote ile, kumbe walikuwa wakiburutana. Ilimuuma Attracta kidogo kusikia hivyo, hatuwezi kukataa, lakini mwili mzima ulimlegea kwa raha.

"Wanaokubali tufunge, wainue mikono," alisema Concepta.

Wa Attracta ulikuwa wa kwanza kupanda. Concepta akahesabu. "Mitano. Fintan, wako uko wapi?"

Fintan Duignan alikuwa amekaa karibu na hita, kofia mapajani. Tangu kaka yake afe alikuwa anaishi peke yake barabara ya mlimani na ng'ombe wake kumi na mmoja. Mkutanoni hakuwahi kusema zaidi ya ndiyo.

"Sipingi," alisema. "Mmechoka, naona. Magugu yale hata mimi siyapendi." Akaigeuzageuza kofia. "Nauliza tu, Jumamosi mimi nitakuwa naenda wapi? Siku nyingine zote niko na ng'ombe."

"Lakini Fintan," Concepta alisema polepole, "hata Jumamosi huwa husemi kitu."

"Nasikiliza."

Attracta, mkono ungali juu, alimchukia Fintan Duignan kwa muda wa pumzi moja, chuki ya kweli kabisa. Uhuru wake ulikuwa haujamaliza hata dakika kumi.

Akaushusha mkono.

"Attracta, usithubutu," alisema Concepta.

"Andika hatujafunga." Akamgeukia Fintan. "Sikiliza, wewe. Mimi siinami tena. Nitageuza ndoo nikae ukingoni. Kung'oa utang'oa wewe, na kuongea utaongea wewe."

"Niongee nini?"

"Chochote. Una miaka kumi na minne ya kusema."

Mwalimu akaguna, akaushusha wake taratibu. Wa Concepta ulibaki juu, na hakuna aliyemlaumu. Alikuwa ametumika vya kutosha. Fintan akakohoa kusafisha koo.

"Kuna ndama mmoja," alianza, "hataki kunyonya."