Ndege ya Saada Iliyogoma Kuachia Maji

Saada ni fundi simu pale Majengo, na ukimchokoza anakurushia bisibisi. Ndege yake ya rimoti kaiunda mwenyewe kwa lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la tivii. Badala ya matairi kaifunga maboya mawili, kayabandika protekta za simu chini ili yateleze vizuri.

Lakini kwenye bwawa la samaki la Mzee Romanus, kule Mshangano, ndege ilikuwa inakimbia tu juu ya maji, kunyanyuka hainyanyuki.

"Mwanangu, perege wangu hawali kwa hayo makelele," Mzee akamwambia. "Leo ikigoma, usirudi tena."

"Mbona bata wako nao wanapiga kelele, mzee?"

"Bata nawala."

Na bwawa jingine la karibu hakuna. Saada akajaribu, ikagoma. Akatukana kimoyomoyo, akaishika ilipofika ukingoni, akaivuta juu kwa nguvu, maboya yakang'ang'ania maji kama kioo cha simu kilichonata. Hapo akatulia. Kioo cha hivyo yeye huwa hakivuti. Anapenyeza kadi pembeni, hewa ikiingia kinaachia chenyewe.

Akatoa wembe, akakata kingazi, mkato kama daraja moja la ngazi, chini ya kila boya ili hewa ipate pa kuingilia. Akawasha. Ndege ikakimbia, ikatikisika, ikaachia maji. Ikalizunguka bwawa, ikarudi kutua taratibu.

Mzee Romanus aliangalia mpaka mwisho.

"Kesho uje mapema," akasema, "kabla sijawalisha perege."