Sawa ya Msagaji

Msagaji alianza kuwashuku siku alipogundua kwamba wananyamaza akiingia.

Angekuwa na masikio mazima asingeona ajabu. Lakini masikio yake yaliliwa na mashine ya kusaga nafaka, na nyumba nzima ilijua kwamba ukitaka akusikie sharti umsimamie mbele na upaze sauti. Sasa mtu wa namna hiyo unamnyamazia ya nini? Binti yake alikuwa amekaa karibu na kitanda cha mama yake, muuguzi anakunja kifaa chake cha kupimia presha, midomo yao inakwenda mbio. Msagaji akatia mguu mlangoni, midomo ikafungwa kama duka.

"Mnasemaje?"

"Hatusemi kitu, baba. Tunaongea tu."

Muuguzi akaangalia saa. Machale yakamcheza msagaji.

Mkewe alikuwa mgonjwa wa koo. Mara ya kwanza saratani ilimchukulia nusu ya sauti. Wakampiga mionzi, shingo ikababuka kama iliyomwagiwa maji ya moto, kisha akapona, akarudi kwenye mizani yake mashineni. Mara ya pili ilirudi na hasira. Madaktari wakaondoa kisanduku cha sauti chote, wakamwachia tundu shingoni la kuvutia pumzi. Hii ilikuwa mara ya tatu. Uvimbe ulikuwa umetokeza chini ya taya, na picha zilionyesha kwamba mwingine umeshuka mapafuni. Alitiwa dripu ya dawa kali mara moja, akatapika mpaka akabaki ngozi na macho. Dripu ya pili ilikuwa Jumatatu. Msagaji aliisubiri Jumatatu hiyo kama mfungwa anayesubiri msamaha. Kwake yeye mambo yalikuwa mepesi: mkewe akienda, atabaki naye, asipoenda, atamkosa.

Wao wawili hawakuwahi kukosa namna ya kuongea. Miaka yote ya kazi, yeye kwenye mashine na mkewe kwenye mizani, waliongea kwa mikono, maana katika kelele ile hata ukipiga yowe unajisumbua. Mkono ukizungushwa hewani: washa. Ngumi: zima upesi, mkanda unakatika. Vidole vikisuguana: unga una chenga, rudisha. Kiganja bapa juu ya mdomo wa mashine: usijaze. Wateja wageni walidhani wanagombana. "Mama, huyu mzee amekukosea nini?" walimuuliza, naye akiwajibu, "Amenioa, ndilo kosa lake."

Sauti ilipoondoka, wakaihamishia mikono ile chumbani. Vidole vikisuguana: uji una mabonge. Mkono ukizungushwa: washa feni. Binti yao hakuielewa mikono hiyo. Alikulia shuleni, si mashineni. Yeye na mama yake waliandikiana kwenye simu. Msagaji hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Aliona tu vidole vya mkewe vikibonyeza kioo, macho ya binti yakisoma, kisha wote wawili wakimtazama yeye.

Cha kwanza alichoshuku ni chakula.

Alhamisi mchana alimpelekea mkewe supu aliyoipika binti. Mkewe alimtazama usoni kwa muda mrefu. Akaweka kiganja bapa juu ya bakuli. Mkono wa pili ukaanza kuzunguka polepole, ukalegea, ukasimama wenyewe. Msagaji akaitazama supu. Ameshiba, akawaza, na anataka feni.

"Sawa, mke wangu," akasema.

Mkewe akafumba macho. Chozi likamtoka pembeni, na akaubana mkono wa mumewe kwa nguvu ambazo msagaji hakujua kama bado anazo. Msagaji akawasha feni, akatoka na bakuli. Supu gani hii inamliza mtu? Jikoni akaionja. Chumvi kidogo, basi. Hata hivyo akaimwaga.

"Kuanzia leo napika mimi," akamwambia binti.

"Wewe, baba? Wewe maji yenyewe unayaunguza."

"Nitayaunguza mwenyewe."

Kisha ikaja dawa. Muuguzi alileta chupa mpya ya dawa ya maji, na kila mgonjwa alipopewa alilala. Akiamka anapewa tena, analala tena. Msagaji alimsubiri muuguzi mlangoni.

"Sista, hii dawa inatibu nini?"

"Maumivu, mzee."

"Na uvimbe?"

"Hii ni ya maumivu."

"Mimi nimekuuliza uvimbe."

Muuguzi akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtia msagaji wasiwasi zaidi. Mtu akikuonea huruma kabla hujamwambia shida yako, anajua jambo usilolijua. Akaona njia ni moja. Nyumba ilipotulia akaifungua chupa, akajimiminia kijiko, akanywa. Chungu kama nyongo. Akakaa kwenye kiti kungoja aone inamfanya nini mtu.

Aliyemwamsha ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye gari la kubebea mizigo. Jua lilikuwa limeshahama upande wa pili wa nyumba.

"Shemeji! Nimekutingisha kama mwembe na hudondoki. Unaumwa?"

"Wananilaza," akasema msagaji, ulimi mzito. "Yaani wanamlaza. Dada yako. Wanamlaza asije akadai kwenda hospitali."

"Nani?"

"Wote."

Shemeji alicheka, kisha akaacha. Hata yeye alikuwa ameshangazwa na jinsi alivyopokelewa na binti mlangoni kwa tabasamu na kikombe cha chai, bila kukaribishwa chumbani. Ingawa, kusema kweli, chumbani hakuwa na hamu ya kuingia. Tangu dada yake awekewe lile tundu shingoni, yeye alikuwa akiishia sebuleni.

"Jumatatu asubuhi lete gari," akanong'ona msagaji. Kunong'ona kwake kulifika jikoni, lakini jikoni hakukuwa na mtu. "Weka godoro nyuma. Usimwambie yeyote."

"Tumwibe dada yangu?"

"Ni mke wangu. Mtu haibi mali yake."

"Ukimwambia yeye hivyo, shemeji, hata bila sauti atakutukana."

Muuguzi aliporudi aliinua chupa kwenye mwanga, akauliza nani amegusa dawa ya mgonjwa. Msagaji akakaa kimya kama hakusikia. Uziwi una faida zake.

Jumapili alasiri alifungua begi la hospitali aliloliweka nyuma ya mlango, atie sabuni, akakuta halina kitu. Nguo za mkewe zilikuwa zimerudi kabatini, zimekunjwa vizuri. Begi hilo alikuwa amelipanga, na kulipanga upya, tangu wiki iliyotangulia. Akalibeba tupu mpaka jikoni.

"Nani ametoa nguo za mama yako?"

"Mimi, baba."

"Kesho anaondoka na nini? Na shuka la kitandani?"

Binti akafunga bomba la maji. "Kesho haendi. Si unajua?"

"Najua nini?"

"Mama amesema anataka kupumzika."

"Apumzike, nani amemkataza? Apumzike leo, kesho aende."

"Baba." Akamsogelea, akamsimamia mbele kama inavyotakiwa, lakini sauti ikawa haipandi. Ikabidi arudie. "Hataki dripu tena. Daktari amesema haitaiondoa saratani. Labda ingemsogeza mbele kidogo, na huko mbele angekuwa anatapika kama vile. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa. Anataka kukaa hapa, apewe dawa ya maumivu, basi."

Msagaji akaweka begi mezani. "Na mimi sikuambiwa. Mimi gogo."

"Uliambiwa! Mama alikuambia Alhamisi. Aliniandikia mwenyewe: nimemwambia baba yako, amesema sawa."

"Mimi? Sawa?"

"Sawa, mke wangu. Hivyo hivyo. Alilia kwa furaha, baba. Alikuwa anaogopa utambembeleza, na wewe ukimbembeleza hana ubavu wa kukukatalia. Sisi tukaona tusikuchokonoe, ukitaka kusema utasema. Halafu kila siku unapanga begi. Unamwaga chakula. Umekunywa dawa, usifikiri hatujui. Nikamuuliza sista kama akili yako imeanza kuhama."

"Ndiyo mliyokuwa mkinong'ona?"

"Ndiyo. Na kabla ya Alhamisi, jinsi mama atakavyokuambia."

"Alinionyesha bakuli," akasema msagaji. "Alifanya hivi."

Akalaza kiganja hewani, juu ya begi tupu, na mkono wa pili akauzungusha. Ulipoanza kulegea, akaganda. Mikono yake ilielewa kabla yake. Jioni, gunia la mwisho likiisha, mashine haizimwi na nafaka tumboni. Ukiizima hivyo, kesho yake mota itanguruma na haitazunguka. Unamwonyesha mwenzako: usijaze tena, acha imalize iliyomo. Inazunguka, inazidi kuwa nyepesi, mlio unabadilika, inasimama. Mkewe alikuwa amemwambia neno hilo wazi kabisa, kwa lugha yao, uso kwa uso. Yeye akawasha feni.

Akaenda chumbani, akakaa pembezoni mwa kitanda. Mkewe alikuwa macho.

"Ile sawa niliyokupa," akasema, "ilikuwa ya supu."

Mkewe akamtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, na uso wake ukasawajika.

"Nani amekushauri? Daktari? Yule sista? Amekwambia nini huyo mwanamke?"

Mkewe akajigusa kifua. Mimi.

"Unataka nizime?" Msagaji akakunja ngumi.

Mkewe akatikisa kichwa kwa hasira. Akaisukuma ngumi ile chini. Si kuzima. Akaweka kiganja chake juu ya kifua chake mwenyewe, na mkono wa pili ukazunguka, polepole, bado ukizunguka. Haukusimama. Alitaka auone vizuri kwamba bado unazunguka.

Msagaji alimsikiliza kwa macho mpaka mwisho. Alijua neno linalotakiwa, fupi, na alishalitoa bure juu ya bakuli la supu. Sasa lilipohitajika likamkwama. Akainuka, akasema anakwenda kuangalia moto, wakati jiko lenyewe lilikuwa la gesi.

Jumatatu asubuhi gari liliingia uani, godoro nyuma limefungwa kamba. Msagaji alikuwa amemsahau shemeji yake kabisa. Shemeji akateremka, akamkonyeza kama jambazi wa sinema.

"Injini nimeiacha inawaka. Tunapita mlango gani?"

Msagaji alikuwa anatazama dirisha la chumba. Pazia lilikuwa limesogezwa, na mkewe, ambaye siku zile kugeuka tu kulimchosha, alikuwa ameinuka nusu, anatazama gari, anatazama godoro. Kisha akamtazama yeye. Msagaji aliyatambua macho yale. Ndiyo aliyokuwa akiwatazamia wengine wiki nzima.

Akaingia ndani haraka. Mkewe alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe. Mikono yote miwili. Maana yake hakuwa na mkono wa kusemea, na hakutaka kuwa nao. Binti alisimama katikati yao.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekosea gari," akasema msagaji. Akapita pembeni ya binti, akapiga magoti ili uso wake uwe sawa na wa mkewe. Pumzi ya mkewe ilitoka shingoni kwa mluzi mwembamba. "Huendi mahali. Mimi sikubebi. Umesema usijaze, sijazi."

Mkewe hakuachia chuma.

"Sawa, mke wangu."

Mkewe akamtazama kwa jicho la mteja aliyepunjwa mizani. Akaachia mkono mmoja, mmoja tu, akaonyesha bakuli la uji lililokuwa mezani, akapandisha nyusi.

"Si ya uji!" msagaji akapiga kelele. "Hii ni sawa ya ile nyingine! Ya wewe! Mungu wangu, unataka niape?"

Mkono wa pili ukaachia. Mkewe akarudi kwenye mto, na mwili wake wote ukaanza kutetemeka, mluzi wa shingoni ukatoka kwa vipande, kwi, kwi, kwi, machozi yanamtiririka. Shemeji, aliyesikia kelele kutoka uani, alifika mbio mpaka kizingitini, mahali ambapo hakuwahi kufika tangu ile operesheni.

"Anakufa?"

Msagaji naye hakuwa na hakika. Aliweka kiganja mgongoni mwa mkewe, akainama, akamchunguza uso kwa mashaka, karibu sana, kama mtu anayekagua unga asiouamini. Mabega yalikuwa yanaruka. Pembe za mdomo zilikuwa juu.

"Anacheka," akasema.

"Hivi ndivyo anavyocheka siku hizi?"

"Ndivyo."

Shemeji akavua kofia. Hakujua aitazame shingo au asiitazame. Mke wa msagaji akamwonyesha kiti kwa kidole, kisha akamwonyesha dirisha, akakunja ngumi.

"Anasemaje?" akauliza shemeji.

"Anasema zima gari lako, linamtilia moshi chumbani. Halafu urudi ukae."

Shemeji akaenda kuzima gari. Walimsubiri, hawajui kama atarudi. Alirudi.