Sikutaka Chunusi Zipone

Ndugu wasomaji, haya nayaandika nikiwa na aibu tele. Naishi peke yangu mtaani Huruma, na joto la Februari lilipoanza, uso wangu ulijaa chunusi na vipele vya jasho. Nikaenda kwa dada mwenye duka la dawa Kariobangi, karibu na karakana ninakochomelea milango ya chuma.

Alinitazama kwa upole. "Ukitoka jasho, nawa kwa maji safi, usisugue. Usizitumbue. Na mafuta mazito ya mgando uyaache hadi joto lipungue. Urudi Jumamosi nikuone."

Tangu mwaka uanze, hakuna mwingine aliyekuwa ameniuliza naendeleaje. Jumamosi nilirudi, akafurahi kuona uso umeanza kutulia. "Sasa huna haja ya kuja tena," akasema.

Nilirudi nyumbani mnyonge. Asubuhi nikajipaka mafuta ya mgando uso mzima, nikaenda kuchomelea juani. Chunusi zikarudi, nami nikarudi kwake. Nilifanya hivyo wiki tano, mtu mzima na ndevu zangu!

Jumamosi iliyopita alinipangusa shavu kwa pamba. Pamba ikang'aa mafuta. Akainusa, na foleni ya wateja iliyokuwa nyuma yangu ikasogea kusikiliza.

"Kaka, haya si mafuta niliyokukataza?"

"Ndiyo."

"Kwani hutaki kupona?"

Niliangalia viatu vyangu. "Nikipona, nitakuja kufanya nini hapa?" nikasema, na foleni yote ikasikia.