Koti la Bi Lorene

"Shoga, yule Bi Lorene alimpiga risasi mumewe," Roberta, jirani yangu, aliniambia huku akimenya viazi jikoni kwangu. "Ndiyo maana havui koti. Hata kwenye mazishi mwezi wa nane, joto kali, jasho linamtiririka, koti liko mwilini!"

"Mumewe alikufa kwa mapafu, Roberta. Vumbi la makaa ya mawe, la mgodini."

"Haya, mtetee."

Nilimtetea kwa sababu nilimjua. Bi Lorene Tackett alikuwa mpishi wa shule yetu hapa bondeni, na mpaka naacha masomo nilikula mkate wake wa mahindi. Bastola ya kwanza alipewa na baba yake alipoanza kutembea peke yake alfajiri kwenda kuwasha majiko ya shule. Tangu hapo akawa anazikusanya, za aina ile moja tu: fupi, nyundo ya kufyatulia risasi imefichwa ndani, haina cha kunasa kitambaa ukiitoa mfukoni. Alikuwa nazo kumi na moja, kila moja imefungwa kwenye kipande cha flana. Moja ilitembea naye daima, katika mfuko wa kulia wa koti. Humo hakutia kitu kingine, hata leso. Mfuko wa kushoto ulikuwa wa peremende za watoto. Binti yangu Josie, wa miaka minne, aliujua mfuko huo kuliko anavyojua sala.

Jumapili ile, baada ya ibada, watu walikuja kwetu kula. Makoti yakarundikwa kitandani chumbani, kama kawaida, na Josie aliposinzia nikamlaza katikati yake. Mimi mwenyewe nililala hivyo utotoni.

Nilikuwa napakua maharage nikamwona Bi Lorene mezani, anamcheka mchungaji. Amevaa blauzi ya maua. Mikono yake myembamba iko wazi.

Kijiko kikaniponyoka.

"Bi Lorene," nikamwinamia sikioni, "koti liko wapi?"

Akajishika kiunoni, kulia, kushoto. Uso wake ukakauka. "Sijui, binti yangu. Nililivua saa ngapi?"

Sikukimbia. Niliogopa kishindo changu kingemshtua mtoto. Nilipita ukumbini nikigusa ukuta.

Josie alikuwa ameamka. Ameketi juu ya makoti, lile la kijivu magotini, mkono umezama mfukoni hadi kwenye kiwiko. Mfuko wa kushoto. Nikashusha pumzi.

"Mama," akasema, "peremende leo ni baridi. Tena kubwa. Haitoki."

"Usiivute, mpenzi. Fungua vidole. Vyote. Kama unapunga mkono."

"Lakini ni yangu!"

"Ni yako. Fungua kwanza."

Akanitazama akinipima, kama anavyofanya akitaka kubisha. Nikamwekea kiganja changu juu ya kitambaa, nikahisi chuma chini yake na kidole chake kidogo kimejikunja. Nikaanza kuhesabu nyota kwenye soksi zake ili nisilie. Kidole kikalegea. Nikautoa mkono wake, nikamkumbatia mpaka akalalamika namuumiza.

Bi Lorene alikuwa amesimama mlangoni. Aliitoa bastola, akafungua silinda, risasi tano zikamwagikia kiganjani. Kisha akaugeuza mfuko wa kulia. Peremende zikaanguka sakafuni, na Josie akazirukia kwa furaha.

"Miaka hamsini na miwili," akasema Bi Lorene, "sijawahi kukosea upande." Akakaa kitandani. "Na hii si mara ya kwanza nasahau kitu mwaka huu. Sijamwambia mtu."

Nilitaka kumfukuza. Nilitaka pia kumshika mkono. Sikufanya hata kimoja. Nilimwinua Josie kutoka sakafuni, nikamkumbatia kifuani pamoja na peremende zake.

"Nikija kwako," akasema, hanitazami, "nipekue mlangoni, mifuko yote, kabla mtoto hajanikimbilia. Nitakasirika, nitakutukana hata. Wewe nipekue tu. Utaweza?"