Mpige Picha Akiwa Anakula

Mara ya kwanza nilipomwona kaka yangu anafungwa mikanda ndani ya lile gari la bluu, nilisahau kabisa kwamba nina kamera shingoni. Tulikuwa kwenye uwanja wa mashindano nje ya mji wa Louisville, huku Marekani. Jua kali, harufu ya petroli imechanganyika na vitunguu vya kukaanga, na wazee wenye mvi wanazunguka wakichungulia maboneti yaliyofunguliwa kama watu waliokuja kumtazama mtoto mchanga. Magari yote ya pale yalikuwa ya zamani, mengine yamemzidi mama yangu umri. Yanashindana mawili mawili kwenye barabara iliyonyooka kama rula, haina kona hata moja. Taa ya kijani ikiwaka yanaruka, na kabla hujashusha pumzi yameshafika.

Gari halikuwa letu. Lilikuwa la mzee mmoja wa Kenmore, jirani na kwetu Buffalo, mwenye gereji nyuma ya nyumba yake, ndiko kaka alikokuwa anafanya kazi. Mzee alilitengeneza mwenyewe ujanani, akalikimbiza miaka mingi, mpaka nyonga ikamkataza kukanyaga klachi. Siku moja akamwambia kaka, "Kijana, mguu wako wa kushoto bado mzima?" Kaka akadhani anaulizwa habari za mpira. Kumbe ndiyo alikuwa anapewa usukani.

Mimi nilikuwa nafunga maboksi ghalani wiki nzima, na Jumamosi napiga picha za harusi za kanisani kwetu. Shule yangu si ya kujivunia, lakini kamera nilijifundisha mwenyewe, nikiota kwamba siku moja picha zangu zitatundikwa ukutani kwa watu nisiowajua. Mzee alipoziona akasema na mimi nije, nimpigie gari lake. Mama tulimwambia tunakwenda kumsaidia mzee na magari yake. Ilikuwa kweli. Nani anaendesha hakuuliza, na sisi hatukusema.

Hatukusema kwa sababu baba yetu alifia kwenye lori lililopinduka kwenye barabara ya Kasulu, tulipokuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Tangu siku ile Mama hakai kiti cha mbele cha gari lolote. Hata akipewa lifti ya kwenda kanisani, dakika chache tu kutoka mtaani kwetu Riverside, anakaa nyuma, kashika mlango, midomo inatembea.

"Nitamwambia mwenyewe," kaka aliniambia kule Louisville, huku anavaa glavu. "Akisema hapana, naacha. Siku hiyo hiyo."

Nilijua hatanii. Na aliporudi kutoka mbio zake za kwanza, akavua helmeti, nikaona uso ambao sijauona kwake tangu tukiwa watoto tunasukuma magari ya makopo. Basi nikabaki na hofu mbili zinazogombana: namwombea asife, namwombea Mama asijue.

Picha zangu za siku ile zilikuwa mbaya. Yaani mbaya kwa kuwa safi. Gari limetulia, kila nati inaonekana, matairi kama yamechorwa. Mzee alizitazama kwenye kioo cha kamera, akakuna kidevu.

"Hili limeegeshwa," akasema.

"Hapana mzee, lilikuwa linakimbia. Ulikuwepo!"

"Mimi nilikuwepo. Picha haikuwepo. Ukiligandisha hivi, linakuwa gari la dukani. Punguza kasi ya kamera, geuka nalo mwili mzima, uliache lichafuke kidogo. Kitu kinachoishi kinachafuka."

Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, anakaa Louisville, na kwake ndiko tulikolala. Yeye tulimwambia yote, maana kumficha shangazi kitu ni kama kuficha moshi chini ya shuka. Alikuja uwanjani na mwavuli, akapiga vigelegele mpaka mshindani wa kaka akageuka kutazama kuna nini. Kisha akataka picha. "Nipigie mwanangu vizuri, amesimama, si hayo mamoshi yako."

Kaka akachana nywele. Akasimama kando ya gari na shati lake jeupe, mikono imenyooka, mdomo umefungwa, macho mbele. Ndivyo tulivyozoea. Kambini ukipigwa picha ni ya karatasi za wakimbizi, na hapo hakuna anayecheka. Nikabonyeza, nikamtumia Shangazi. Wote tuliona amependeza.

Wiki chache baadaye tukaenda Columbus. Asubuhi ilinyesha, magari yakafunikwa maturubai, madereva wakakaa chini ya mahema wakila na kusimuliana uongo. Mimi sikuweza kula. Barabara ikilowa inateleza, na hata wakiikausha kwa mashine mimi bado naiona imelowa. Nilikwenda kuitazama, nikarudi, nikaenda tena.

"We mdogo wangu," kaka akanicheka, "utaitoboa hiyo lami kwa macho."

"Waambie hujisikii vizuri."

"Najisikia vizuri sana."

Mchana wakaruhusu. Nikasimama nyuma ya ukuta wa zege, mahali pa wapiga picha, na kizibao changu cha rangi ya machungwa. Kaka akazungusha matairi ya nyuma kuyapasha moto, moshi mweupe ukatufunika, kifua kikatetemeka kama ngoma. Taa zikashuka, njano, njano, kijani. Gari likainua pua. Nikageuka nalo mwili mzima kama nilivyofundishwa, na ndani ya lenzi nikaliona linavuta kushoto, linaelekea ukutani. Likarudi. Likavuta tena. Kisha moshi ukaziba kila kitu na mimi sikuona mwisho wake.

Simu ikawa inatetemeka mfukoni. Ilikuwa inatetemeka tangu mapema, nikidhani ni injini. Nikaitoa nijishikie kitu tu, nikapokea, huku macho yangu yako kule mbali kwenye moshi. Ilikuwa sauti ya mchungaji wetu, kutoka Buffalo.

"Binti yangu, pole sana. Tumepata habari za kaka yako. Mungu awatie nguvu."

Nilichofikiria ni hiki: amekufa sasa hivi, na Buffalo wamejua kabla yangu. Sikujiuliza wamejuaje. Nilikimbia kando ya uzio, kamera inanipiga kifuani, kizibao kimefunguka, mtu mmoja ananifokea kwamba huku haruhusiwi mtu. Barabara ile magari huimaliza kufumba na kufumbua. Kwa miguu haiishi.

Nilimkuta amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, anakunywa maji, anamwonyesha mzee tairi lililoishiwa upepo. Wanacheka wote wawili.

"Vipi?" akasema. "Mbona unahema hivyo?"

Nikampiga ngumi ya bega. Kisha nikamkumbatia na helmeti yake. Kisha nikampa simu, kwa sababu ilikuwa inalia tena, na safari hii alikuwa mama mmoja wa kwaya, anaimba huku analia.

Ilituchukua muda kuelewa. Kwetu mtu akifariki, ndugu na marafiki wote wanatoa picha zao za utambulisho kwenye simu, wanaweka ya marehemu. Huandiki kitu. Ukifungua simu asubuhi ukakuta uso wa mtu mmoja kwa watu watatu, wanne, umeshapata habari. Na picha yenyewe huwa ni ya namna moja: amesimama, shati safi, mdomo umefungwa, anatazama mbele. Shangazi, asubuhi ile, kwa kumwombea mwanawe ashinde, alikuwa ameweka picha ya kaka. Bila neno, maana kuandika hakupendi. Mwingine akaiona akaiweka. Mwingine naye. Kufikia saa sita kaka alikuwa amefariki Louisville, Columbus na Buffalo.

Nikampigia.

"Shangazi, toa hiyo picha!"

"Kwani ina ubaya gani? Amependeza."

"Watu wanalia!"

"Wanalia nini?"

"Wanamlia yeye, Shangazi! Wanafikiri amekufa!"

Nikasikia simu inaanguka, na sauti yake kwa mbali, "Yesu wangu, nimemwua mtoto!"

Kumpigia Mama ndiko kulikobaki. Kaka akazungumza naye mwenyewe. "Mama, ni mimi. Ni mimi, Mama, niko mzima." Nikaweka sikio karibu. Nyuma yake nilisikia viti vinaburutwa, wanawake wanaanza wimbo.

"Najua," Mama akasema, taratibu kabisa. "Najua mnanificha mpaka mfike. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Njooni naye tu, mwanangu. Msikimbize gari."

Hakuamini hata sauti. Na angeaminije? Kwetu msiba hautolewi kwa simu. Utaambiwa ni mgonjwa kidogo, njoo umwone, mpaka ukae katikati ya watu wa kukushika. Siku baba alipofariki, Mama naye aliambiwa mumewe ameumia mguu tu.

Mzee alielezwa, akafunga gari kwenye trela bila kuuliza swali lolote. Njia nzima kutoka Columbus kaka alikaa na helmeti mapajani, anaigeuzageuza.

"Watakuwa wamemwambia nilikuwa wapi," akasema tulipovuka mpaka wa jimbo. "Kama wanajua nimekufa, wanajua nimekufa na nini."

Nilikuwa naogopa mlango wa nyumba yetu kuliko nilivyowahi kuogopa ukuta wa zege.

Tulifika jua halijazama. Viatu vimejaa kwenye ngazi, viti vya kanisa vimepangwa kwenye majani, wanaume wamesimama barazani mikono nyuma. Kaka akashuka. Jirani yetu mmoja, mama Mkongomani, alikuwa anatoka na sufuria. Akasimama, akamwangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, Kifaransa chake kikamtoka kwanza.

"Ah bon! Donc wewe uko muzima? Sasa sisi tunalia nani?"

Mtu mmoja akacheka, mwingine akapiga kelele, ndani wimbo ukakatika katikati. Mama alikuwa amekaa chini kwenye godoro, kitenge kichwani. Hakusimama. Hakumkimbilia. Alimtazama kaka akiwa mlangoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama picha, kisha akasema, "Mleteeni chakula."

Wakaleta chakula cha msiba, ugali na maharage na sombe la majani ya mihogo. Kaka akakaa sakafuni mbele yake, akanawa, akakata tonge. Mama alifuata ule mkono ukienda mdomoni, akatazama taya linavyotembea, akatazama koo. Nyumba nzima ilinyamaza ikimsikiliza mtu anatafuna.

"Ongeza," Mama akasema. Akaongeza. Ndipo machozi yakamtoka Mama, na ndipo akanigeukia. "Na wewe, kamera yako iko wapi? Mpige akiwa anakula. Uwatumie wote. Mtu aliyekufa hali."

Nikampiga. Shavu limevimba, kidole kina mchuzi, mkono umechafuka pichani kwa kwenda mdomoni. Jioni ile ile Shangazi akaiweka kwenye simu yake, na ile nyingine ikaanza kuondoka, mtu mmoja mmoja.

Watu walipotawanyika, kaka akasema lile alilokuwa amelibeba njia nzima. "Mama, mimi ndiye ninayeendesha. Ukisema niache, naacha."

Mama alikuwa anakunja godoro. "Leo nimeshakulilia," akasema. "Nimechoka. Usiniulize kitu." Na hakuulizwa. Wiki ile hakujibu, wala iliyofuata, na kaka akawa anakwenda gereji anarudi, hagusi gari la bluu hata kwa kitambaa. Nilimwona anavyolizunguka kama mbwa aliyekatazwa kuingia ndani. Roho iliniuma kwa wote wawili, na mimi ndiye niliyekuwa katikati nikipiga miluzi ya uongo jikoni.

Mashindano ya mwisho ya kiangazi yalikuwa karibu na Buffalo. Asubuhi yake niliamka nikakuta jikoni kuna moto na Mama amefunga sufuria kwa kitenge, fundo juu.

"Huyo mzee anatupitia saa ngapi?" akauliza.

Alikaa kiti cha nyuma, kashika mlango, sufuria miguuni.

Uwanjani nilimwekea kiti cha kukunja kando ya trela, mbali na ukuta. Mzee akamletea kofia, akaikataa, akajifunika kitenge kichwa chote. Akasema yeye hatazami. Nikaenda mahali pangu nyuma ya zege naogopa kuliko Columbus, kwa sababu safari hii, likitokea lolote, litatokea mbele yake. Taa zikashuka. Gari la bluu likainua pua, nikageuka nalo, nikabonyeza na kuendelea kugeuka hata baada ya kuwa limepita, mpaka nikajikuta namtazama Mama. Kitenge kilikuwa kinatikisika na mngurumo.

Nikamkimbilia.

"Ameshafika?" akauliza kutoka ndani ya kitenge.

"Amefika, Mama."

"Umemwona mwenyewe?"

"Nimemwona. Anarudi."

Akafunua kichwa. Akafungua fundo la sufuria, mvuke ukatoka. Kaka alipokuja, nywele zimelala kwa alama ya helmeti, hakuambiwa hongera wala pole. Alipewa sahani. Akakaa kwenye gurudumu la akiba na kuanza kula, na Mama akanigusa kiwiko.

"Piga."

"Acha basi, nina chakula mdomoni!" kaka akasema.

"Ndiyo hasa," Mama akasema. "Piga."

Nikapiga. Mzee naye alipewa sahani, akauliza hayo majani ni nini, akaongezewa kabla hajamaliza kuuliza. Mama akamtazama kaka akisafisha sahani kwa tonge la mwisho.

"Atakimbia tena leo?"

Kaka akaacha kutafuna. Mimi na yeye hatukutazamana.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Mara moja tena, mchana."

Akachungulia ndani ya sufuria. Akarudisha kifuniko, akakifunga tena kile kitenge, fundo mara mbili, ili chakula kisipoe mpaka mchana.